Mvinyo wa kunywa na bakuli la matunda asubuhi ya sherehe

Umeuliza kwa nini mvinyo mweupe mkavu (yaani usio mtamu) wa hapa Dodoma uligeuka mchachu ulipounywa na bakuli la embe, ndizi, mtindi na asali. Tatizo ni asali. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, ulimi unazoea sukari, kisha mvinyo unabaki uchachu mtupu. Kwa hiyo mvinyo uwe mtamu sawa na bakuli au uzidi kidogo. Tafuta mweupe ulioandikwa mtamu au nusu mtamu.

Kama unao mkavu tu, wa zabibu za Chenin Blanc kwa mfano, usiuache, rekebisha bakuli. Ondoa asali, punguza ndizi mbivu, weka papai na pasheni, kijiko kimoja cha chai cha unga wa ubuyu na chumvi kidogo sana. Uchachu wa ubuyu ndio unaoulainisha mvinyo. Karanga za kukaanga juu yake zinapendeza sana, ila ziwe hazina sukari.

Mwekundu mkavu usiuguse hapa. Ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu ukikutana na utamu wa bakuli, kinywa kinakauka na ladha inakuwa chungu.

Joto la Dodoma nalo linaharibu: mvinyo mtamu ukiwa vuguvugu unachosha. Tumbukiza chupa kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika 20 hadi 30. Barafu peke yake inachelewa, kwa sababu haiigusi chupa pande zote. Mimina mililita 100 tu kwa kila mtu, na wanaoendesha gari wape juisi ya zabibu.