Fundi akikwambia maji ndiyo ethi, asiondoke na hela yako

Mkuu usiwashe hiyo shawa. Zima breka yake sasa hivi halafu ndio urudi usome.

Nimekuelewa, umefungiwa shawa ya umeme ya wati 5500, umeona waya wa kijani unaotoka kwenye shawa (ndio wa ethi, kazi yake kupeleka ardhini umeme uliovuja) fundi kauzungushia kwenye koki, ulipouliza akakujibu kwamba bomba limejaa maji na maji yanaenda mpaka ardhini, kwa hiyo umeme ukivuja utafuata maji ushuke zake chini. Unauliza kama ni kweli mkondo wa maji unaweza kushusha umeme, na pia kama wati 5500 zitakumaliza uniti. Uniti tuziache kwanza, kuna mtu atakufa hapo.

Maji yanapitisha umeme, hilo halina ubishi. Swali ni kiasi gani. Chukua bomba la plastiki la nusu inchi, mita 10 za maji ya kawaida ya bomba yenye madini kiasi, ukinzani wake, yaani jinsi yanavyozuia umeme kupita, unaenda kwenye laki saba za omu. Gawanya volti 230 kwa hiyo laki saba, unapata kama theluthi ya miliampia (miliampia 1000 ndio ampia moja), yaani karibu na bure. Hata mkondo ulionyooka wa maji yanayodondoka, unene wa kidole, urefu wa mita 1, unapitisha miliampia 2 au 3 tu, unasikia vijisindano. Ukishatawanyika matone kama ya shawa ndio hata hizo hazifiki. Maji ya kisima cha chumvi kama vile vya Dar yanapitisha zaidi, ya bahari ndio usiseme, ila ya bahari huogi kwenye shawa.

Sasa angalia breka yako, bila shaka ni ya ampia 32. Inangoja zaidi ya ampia 32 ndio ikate, maji yanaipelekea theluthi ya miliampia! Haiwezi kukata hata ukae mwaka. Kwa hiyo umeme ukivuja hauendi popote, unakaa pale pale kwenye koki unasubiri mtu. Na mtu aliyelowa, kuanzia mkono mpaka miguu peku kwenye simenti, ukinzani wake unaweza kushuka mpaka omu 1000. Hapo ni miliampia 230. Kuanzia 10 hivi mkono unaganda huwezi kuachia, 30 pumzi inakuwa shida, 100 moyo unaacha mdundo wake.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Kwetu alifunga fundi mwenye maneno hayo hayo ya kwako, neno kwa neno, nikamwamini kwa sababu alikuja na begi zima la vifaa na alikuwa anaongea kwa kujiamini. Ikafanya kazi vizuri tu miezi na miezi, maji moto, kila mtu anafurahi. Mama yangu akaja kutoka kijijini kukaa na sisi, akaoga, akaenda kufunga koki ya chini ile ya kukingia ndoo. Tulisikia ndoo imeanguka, halafu sauti siyo ya kupiga kelele, ni ya mtu anayeguna. Mke wangu alitaka kukimbia kumshika, nikamzuia kwa nguvu nikaenda meni swichi nikashusha yote. Mama akadondoka. Mungu mkubwa alikuwa hai, lakini katikati ya kiganja kuna alama nyeupe kama ameshika pasi, na mkono ule mpaka leo una ganzi wakati wa baridi.

Tulipofungua tukakuta elementi, ile koili ya kuchemshia maji, imepasuka, ndani ya shawa maji yote yana umeme, na ule waya wa kijani umezungushwa mara mbili kwenye shingo ya koki na tepu nyeusi juu yake. Koki yenyewe imeingia kwenye bomba jeupe la plastiki. Yaani umeielewa hiyo? Ule waya haukuondoa umeme kwenye shawa, uliuchukua kule juu ukauleta mkononi kwa mama. Bora hata usingekuwepo. Nilimpigia yule fundi, ananijibu eti mbona wengi amewafungia hivyo na hawajalalamika. Nyumba ngapi sasa hivi zina koki za namna hiyo, na watoto wanaoga humo!

Najua walikoitoa hiyo habari. Zamani nyumba zilikuwa na mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini, watu wakafunga ethi kwenye bomba na ikakubali. Kilichokuwa kinapeleka umeme ni chuma, siyo maji. Mabomba yamebadilika yakawa ya plastiki, mafundi wamebaki na maneno ya mabomba ya chuma.

Kwa hiyo waya wa kijani unatoka kwenye shawa, haukatwi njiani, unaenda mpaka kwenye ethi ya meni swichi na kutoka hapo kwenye rodi iliyochimbiwa chini. Na rodi peke yake usiitegemee. Ikiwa na omu 50, ambayo kwa udongo mkavu ni kawaida, inapitisha ampia 4 na kitu tu, breka ya 32 bado imelala. Ndio maana lazima uweke RCD, wengine wanaiita ELCB, kifaa kinachokata umeme ukivuja hata kidogo, iliyoandikwa 30mA (miliampia 30) au 0.03A. Ina kitufe kina herufi T, kibonyeze kila mwezi, isipokata itupe. Fundi akikwambia inasumbua inakatakata tuiruke, jua kuna umeme unavuja, shawa nyingi za bei rahisi elementi iko uchi ndani ya maji. Badilisha shawa uchukue yenye elementi iliyofunikwa, RCD usiiguse.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, mwambie akuonyeshe hiyo leseni. Na huyo wako kama bado anabisha, mwambie avue viatu alowe aishike hiyo koki yeye mwenyewe shawa ikiwa inawaka, uone kama atakubali.

Ukishazima breka piga picha pale waya wa kijani ulipoishia na ndani ya meni swichi bila kugusa kitu, weka hapa tuangalie.