Kabla hujaagiza mota nyingine, agiza pinioni

Wanaoanza mchezo wa magari ya rimoti huniuliza swali lilelile: "Kaka, nifunge mota ya Kv ngapi ili likimbie?" Nami huwarudishia maswali manne. Gari lina uzito gani? Tairi ina kipenyo cha milimita ngapi? Betri ni ya seli ngapi? Unaliendeshea wapi, lami au mchanga? Asiponijibu hayo simtajii namba yoyote, maana Kv peke yake haitoshi kuamulia kitu, na mota ya brashilesi (isiyo na brashi) huku kwetu mtu huisubiri wiki nyingi mpaka ifike.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo Kv. Nyaya za 33 kV zinazopita juu ya nguzo barabarani, hizo ni kilovolti. Kv ya mota ni kitu kingine kabisa: ni mizunguko kwa dakika ambayo mota hutoa kwa kila volti moja ikiwa haijabebeshwa mzigo. Seli moja ya LiPo, yaani betri ya lithiamu, huhesabiwa volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Kwa hiyo betri ya 2S, yaani ya seli mbili, ni volti 7.4, ya 3S ni 11.1. Mota ya 3900 Kv kwenye 2S itazunguka mara 28,860 kwa dakika, na kwenye 3S mara 43,290. Betri hiyo ya 3S ikitoka kwenye chaja imejaa, ni zaidi ya 49,000.

Wengi wakiona Kv kubwa hudhani ndiyo nguvu kubwa. Sivyo. Chukua mota mbili zenye umbo sawa, mathalani ile ya 3650, yaani kipenyo cha milimita 36 na urefu wa 50. Yenye Kv maradufu hutoa nusu tu ya msukumo kwa kila ampea. Ili isukume mzigo uleule lazima ivute ampea mara mbili. Na kwa mota ileile, joto ndani ya waya haliongezeki sawasawa na ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Hapo ndipo mota zinapofia.

Hili nimelilipia. Nilikuwa na lori la 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli) la magurudumu manne, mota ya 3900 Kv, pinioni (gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota) ya meno 15, gia kubwa ya meno 54, tairi za milimita 110. Kwenye 2S lilikuwa raha tupu, nikaliendesha miezi bila shida. Nikapata betri ya 3S. ESC, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, ilikuwa imeandikwa kwamba inabeba 3S, mota pia imeandikwa hivyo, basi nikachomeka na kwenda ufukweni. Dakika ya nne gari likaanza kuchoka, halafu nikasikia harufu ya vanishi iliyoungua. Nilipofungua, mipako ya waya ilikuwa imekuwa nyeusi na sumaku imepoteza nguvu yake. Shafti ukiizungusha kwa vidole hukusikia tena ule ukinzani wa mikato. Sikumlaumu aliyeniuzia. Kila kifaa kilikuwa ndani ya kiwango chake, ila mimi sikuwa nimevipatanisha.

Tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Gawa meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni: 54 kwa 15 ni 3.6. Kisha zidisha kwa uwiano wa ndani, yaani punguzo linalofanyika kwenye difu au gia boksi. Wageni wengi huusahau huu, kwa sababu hauonekani bila kufungua gari. Utafute kwenye kitabu cha maelekezo. Langu lilikuwa 2.85, kwa hiyo uwiano wa mwisho ni 10.26. Maana yake mota huzunguka mara 10.26 ili tairi lizunguke mara moja. Tairi la milimita 110 likizunguka mara moja husogea kama sentimita 34.6.

Kwenye 2S, mizunguko 28,860 gawa kwa 10.26, zidisha kwa hizo sentimita: unapata kama kilomita 58 kwa saa kwenye karatasi. Uwanjani itakuwa chini ya hapo, lakini ni kipimo cha kulinganishia. Kwenye 3S, pinioni ileile, karatasi inasema 87. Mimi nilifurahia hiyo 87. Ambacho sikukijua ni kwamba nguvu ya kupasua upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, upepo unadai nguvu zaidi ya mara tatu. Hapo bado mchanga haujadai chake.

Ningefanya nini? Volti zimepanda mara moja na nusu, basi pinioni ningeishusha kwa kiasi kilekile: kutoka meno 15 hadi 10. Kasi ingebaki 58, lakini mota ingevuta ampea pungufu kwa theluthi moja kwa msukumo uleule kwenye tairi, na joto la waya lingeshuka chini ya nusu. Gari lingetoka kwa ukali zaidi na mota ingekuwa baridi zaidi. Baada ya kuona hivyo ningepanda jino mojamoja. Pinioni ya 12 ingenipa kama kilomita 70, na kwa lori la mchangani hiyo ni kasi ya kutosha kabisa. Leo lori hilo lina mota mpya na pinioni ya 11.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujaagiza mota ya pili, agiza pinioni nne au tano zinazofuatana meno. Ni bei ndogo sana ukilinganisha. Hakikisha tu saizi ya meno inalingana na gia kubwa yako. Kuna 48P, 32P, moduli 0.6, moduli 0.8 na moduli 1. Ukichanganya 48P na moduli 0.6 zitaonekana kama zinashikana, kisha gia kubwa ya plastiki italiwa kabla betri moja haijaisha. Pima pia shafti ya mota: nyingi za 1/10 ni milimita 3.17, za 1/8 ni milimita 5.

Mfano wa gari lililopangwa vizuri tangu kiwandani ni Tamiya TT-02, ambalo wengi huanzia. Lina gia kubwa ya meno 70, pinioni ya 22, na uwiano wa ndani 2.6, jumla 8.27. Ukilinganisha na lori langu utaona pinioni ni kubwa, lakini tairi zake ni ndogo, kama milimita 64 hivi, gari ni jepesi na ni la lami. Usichukue namba za gari la lami ukazipeleka kwenye lori la mchanga. Na ukibadilisha tairi umebadilisha gia: ningevalisha lori langu tairi za milimita 125 badala ya 110, ingekuwa sawa na kuongeza karibu meno mawili kwenye ile pinioni ya 15.

Sasa betri. Kwenye lebo utaona mfano 5000 mAh 100C. Hesabu ya C, yaani kasi ambayo betri hudaiwa kuweza kutoa umeme, ni rahisi: ampea-saa 5 mara 100 ni ampea 500. Ampea 500 ni zaidi ya inavyovuta stata ya gari dogo la kweli, na plagi ya XT60 iliyofungwa kwenye betri hiyohiyo inahesabiwa ya ampea 60 tu. Mimi siiamini lebo ya C. Naangalia ukinzani wa ndani, ambao chaja nyingi nzuri huupima kwa miliohmu. Betri ya 2S yenye jumla ya miliohmu 10, ikitoa ampea 80, hupoteza volti 0.8 tu. Ikizeeka ikafika miliohmu 30, hupoteza volti 2.4, na wati 192 zinabaki ndani yake kama joto. Itavimba.

Kuna kijana aliniletea gari akisema ESC imekufa: ukikanyaga mafuta yote linakata, ukiachia linarudi. ESC haikuwa na kosa. Betri ilikuwa imechoka, volti zinaporomoka chini ya 6.4 kila akivuta sana, na ESC inakata ili kuziokoa seli, kama ilivyopangwa. Tulichomeka betri nyingine na gari likaenda. Kabla hujalaumu ESC, jaribu betri. Pia kagua kama ESC imewekwa kwenye LiPo au NiMH (betri za nikeli). Ikiwa kwenye NiMH haitakata kwa wakati na itaimaliza LiPo yako kabisa. Zile plagi nyeupe za zamani za Tamiya zitoe mapema, kwa brashilesi huyeyuka.

Unajuaje kama umepatanisha vizuri? Kwa joto, hakuna njia nyingine ninayoiamini. Endesha dakika tatu, simama, elekeza kipimajoto cha kulenga kwenye mwili wa mota. Ikiwa chini ya nyuzi 65 una nafasi ya kuongeza jino moja. Ikikaribia 80, punguza. Betri isipite 60. Kumbuka kwamba Dar mchana wa Februari hewa yenyewe ni nyuzi 32, kwa hiyo jedwali la mtu anayeendesha Ulaya wakati wa baridi halikufai. Feni ndogo ya mota inasaidia, lakini usiitumie kuficha pinioni kubwa mno. Mchangani au kwenye nyasi ndefu, toa jino moja au mawili bila kusubiri kipimajoto.

Betri zako chaji kwa 1C, yaani 5000 mAh kwa ampea 5, kwa kusawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, na wewe uwepo. Usipoendesha kwa siku kadhaa ziache kwenye volti 3.8 kwa seli. Ukiletewa na ndugu anayesafiri kwa ndege, mwambie azibebe mkononi, si kwenye begi la kupakia. Zilizo chini ya wati-saa 100 kwa kawaida hazihitaji kibali cha shirika la ndege, na 3S ya 5000 mAh ni 55.5 tu.

Unapofunga pinioni, skrubu yake ikae juu ya upande bapa wa shafti, na utie tone la gundi ya skrubu. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota ibane, kaza, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa-kunjwa bila kuchanika, nafasi iko sawa. Ikichanika, legeza mota uanze upya.