Jibu: Kuwatambulisha wazungumzaji sita bila kula muda wa mada

Habari ndugu. Umeuliza namna ya kuwatambulisha wazungumzaji sita kwenye kongamano la teknolojia na jamii hapo Mtwara mjini: wasifu waliotuma ni kurasa mbili mbili, na unaogopa muda utaishia kwenye vyeo.

Anza na majina. Mpigie kila mmoja simu, alitamke jina lake mwenyewe, nawe uliandike linavyosikika. Muulize pia aitwe Dokta, Mhandisi au Bi. Kumkosea mtu mbele ya mgeni rasmi kunauma.

Kisha kata wasifu hadi maneno 80 hivi, yaani kama dakika moja ya kusoma kwa utulivu. Orodha ya shahada haimsaidii msikilizaji. Mweleze mada inamgusa wapi: kama ni mizani ya kidijitali, taja kilo za mkulima wa korosho zinavyoingia kwenye stakabadhi ghalani, yaani hati ya mazao yaliyopokelewa ghalani. Lakini usimwage hoja za mzungumzaji, utamwachia nini? Jina litaje mwisho kabisa, maana makofi hufuata jina. Ukilitanguliza, yatakukatiza katikati ya maelezo.

Soma kwenye kadi ya karatasi, siyo simu. Skrini huzima ukiwa katikati ya sentensi. Itifaki ya viongozi isomwe mara moja tu, wakati wa ufunguzi.