Eno, mvua na kinubi

Uliyeuliza kama kweli mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alipata wazo la ambienti (muziki tulivu wa kusikika chinichini kama sehemu ya mazingira) akiwa mgonjwa kitandani: ndivyo anavyosimulia mwenyewe. Mwaka 1975 aligongwa na teksi London, akawa amelala nyumbani hajiwezi. Rafiki yake Judy Nylon akamletea santuri ya kinubi. Ikapigwa kwa sauti ya chini mno, spika moja imekufa, nje mvua inanyesha, naye hana nguvu za kuinuka aongeze. Akasikiliza hivyo hivyo, kinubi kikizama kwenye mvua. Mwaka huohuo ikatoka albamu yake Discreet Music. Ila sifa zote tusimpe yeye (mashabiki mnisamehe): Mfaransa Erik Satie alishatunga “muziki wa samani” mwaka 1917, wa kuwepo tu chumbani kama kiti.