Kiti kifupi chenye vigurudumu vya kauri: ni cha mwaka gani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nipo Leicester, Uingereza. Nimenunua kiti kifupi cha mitumba, hakina mikono, mgongo una vifungo vilivyozama, miguu ya mbele imekerezwa na ina vigurudumu vyeupe vya kauri. Kitambaa cha maua kimechakaa kweli. Muuzaji anadai ni cha 1790. Nitahakikishaje?

JIBU: Salama, ndugu. Kitambaa kiache kwanza. Kiti cha umri huo huwa kimeshavalishwa mara tatu au nne, kwa hiyo uchakavu wa maua hautuambii kitu kuhusu mbao.

Kilaze kifudifudi juu ya blanketi, vaa barakoa, kisha bandua upande mmoja wa kile kitambaa cheusi cha chini kinachozuia vumbi. Ng'oa misumari, usikate. Ukikuta koili za waya zimeshonewa kwenye mikanda ya juti na vichwa vyake vimefungwa kwa kamba, ujue springi za namna hiyo zilianza kuenea kwenye viti vya Uingereza miaka ya 1830. Lakini zinaweza kuwa zilipachikwa baadaye kwenye fremu ya zamani, na hapa ndipo wengi hukosea. Mikanda ya kiti cha springi hupigiliwa chini ya mbao za fremu ili koili zipate kina. Ya kiti kisicho na springi hupigiliwa juu. Kwa hiyo kitambaa cha kiti kikivuliwa siku moja, kagua uso wa juu wa mbao hizo. Safu moja ya matundu yaliyofuatana ni ya gunia linalofunika springi, haina neno. Matundu yaliyokaa makundi ya manne au matano, kila kundi upana wa sentimita 5 hivi, ni alama ya mikanda ya zamani: springi zilikuja baadaye.

Pini za stepla, springi za zigizaga na sponji ni mambo ya karne ya 20. Zikiwa juu ya matundu ya misumari ya zamani, ni matengenezo tu. Fremu yenye matundu ya stepla peke yake ni mpya, hata kama imepakwa rangi ya kizee.

Tazama pia mbao ambazo hazikupigwa randa. Mikwaruzo iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, na hiyo pekee inatosha kuitilia shaka 1790. Fungua skrubu moja: zenye ncha kali zilienea Uingereza kuanzia miaka ya 1850, za awali zilikuwa butu. Skrubu moja haithibitishi kitu, kwa sababu hubadilishwa. Ukikuta zote za aina moja, kila moja kwenye tundu lake lisilopanuliwa, hapo una ushahidi.

Kwenye shaba ya vigurudumu tafuta muhuri wa umbo la almasi. Huo ulitumika kusajili michoro Uingereza kuanzia 1842 hadi 1883. Herufi inayowakilisha mwaka ikiwa kona ya juu ya almasi ni 1842–1867, ikiwa kona ya kulia ni 1868–1883. Ukikuta “Rd No” na tarakimu, ni 1884 au baadaye. Kagua pia kama mguu una matundu ya ziada au alama iliyoachwa na pete ya kigurudumu kingine, maana vigurudumu navyo huhamishwa kutoka kiti hadi kiti.

Kwa maelezo yako, hiki ni kile kiti ambacho Waingereza hukiita cha kunyonyeshea, kikao chake kikiwa sentimita 33 hadi 38 kutoka sakafuni. Vifungo, miguu ya kukereza na kauri kwa pamoja vinanielekeza kwenye enzi ya Malkia Victoria, kati ya 1850 na 1890. Kwa 1790 usilipe hata senti ya nyongeza.

Ukikipeleka kwa fundi makochi, piga picha kila tabaka linapotoka, na usimruhusu atupe singa za farasi zilizomo ndani. Huoshwa, hukaushwa, huchambuliwa kwa vidole na kurudishwa. Sponji haikai miaka hiyo.