Fleti ya 1982 kule Nagoya, niuze kiwanja cha Uyole?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nauza vitenge hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mdogo wangu yuko Nagoya, Japani, mwaka wa tisa huu, anatuma magari ya mtumba huku, sasa kaona fleti ya zamani, jengo liliisha 1982, bei chee, anataka niuze kiwanja changu cha Uyole tuinunue wote. Anasema tetemeko nisiogope maana sheria ya ujenzi ilibadilika 1981. Nimwamini?

JIBU: Dada, mdogo wako hajadanganya ila kasema nusu. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Juni 1981, lakini kinachoangaliwa ni siku kibali cha ujenzi kilipotoka, sio siku jengo lilipoisha, na ghorofa refu haliishi kwa miezi mitatu, kwahiyo hilo la 1982 linaweza kabisa kuwa na kibali cha 1980 na likawa limejengwa kwa sheria ya zamani. Dalali amwonyeshe hiyo tarehe. Sisi Mbeya ardhi ikitikisika kidogo tunaendelea na chai, ila tetemeko la Kobe, hukohuko Japani, 1995 liliua watu zaidi ya 6,000.

Halafu hiyo bei chee sasa. Fleti kule (wao wanaita manshoni, usije ukadhani ni jumba la kifahari) kila mwezi unalipa ada ya usimamizi pamoja na mchango wa mfuko wa matengenezo makubwa, ukae usikae. Jengo la miaka 40 na ushee mabomba yamechoka, lifti, paa, kuta za nje, na kama wenye fleti walikuwa wanachangia vihela vidogo miaka yote basi mchango utapanda au mtaambiwa kila mtu atoe kwa mkupuo. Na deni la ada aliloacha muuzaji linamfuata mnunuzi, kisheria kabisa. Aombe karatasi ya mfuko: zimo yeni ngapi, wangapi hawalipi, matengenezo ya mwisho lini. Michango ikiwa 25,000 kwa mwezi, miaka kumi ni yeni milioni tatu!

Mgeni kununua ruksa, ila fleti haimpi mtu viza. Mkopo benki nyingi zinataka uwe na ukazi wa kudumu, nahisi ndo maana kiwanja chako kimeingia kwenye hesabu, nisamehe kama nakosea.

Sasa usajili utakuwa na jina la nani? Kule hisa ya kila mmoja inaandikwa. Muulize leo, na akikujibu "tutaona dada", cha Uyole kisiguswe.