Maswali yenu: Dote ya kombe, ile ni makuta kweli?

Jambo Papa wa Majibu. Mi niko Katuba, Lubumbashi. Mtoto wangu alinionyesha ku telefone bantu ba visiwa vya Pasifiki banalipa dote na mikufu ya kombe, familia mbili zinahesabu, zinafurahi, hakuna dola hata moja. Mujomba wangu anasema ni bumasikini, banaokota tu ku bahari. Mi nilikataa lakini nikakosa maneno. Ile ni makuta ao ni mapambo? Na kama ni makuta, kila mutu si aende kuokota akuwe tajiri?

Mama, ulifanya vizuri kukataa. Nianzie pale pa kuokota, juu pale njo mujomba anapotea njia. Kombe ya kuokota tu bado haiko makuta, kinachoifanya makuta ni kazi. Kule Malaita, kisiwa kimoja cha Visiwa vya Solomon, kuna sehemu inaitwa Langa Langa, maji yametulia nyuma ya miamba na mababu walijijengea visiwa vidogo kwa kupanga mawe ya matumbawe, na watu wa pale njo mafundi wa hii makuta tangu zamani. Ba mama wanavunja kombe vipande vipande, wanavigonga mpaka vikaribie kuwa duara, wanatoboa kimoja kimoja, wanatunga ku kamba, kisha wanasugua kamba nzima ku jiwe siku na siku mpaka shanga zote zikuwe sawa na laini. Ile nyekundu, romu, njo ya bei kuliko zote, na wanaiweka ku mawe ya moto ili rangi ikolee. Kamba kumi zikiunganishwa, nyekundu na nyeupe na nyeusi, unapata tafuliae moja, na njo hiyo wanatolea dote, wanalipia udongo, na kama mtoto wa huyu alimuumiza mtoto wa yule, wanaipeleka ili kesi iishe. Sasa mujomba akae chini asugue pima moja tu ya shanga, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, halafu aniambie kama ni bumasikini.

Tena kuna Watolai, wako New Britain ya mashariki, karibu na Rabaul, ndani ya Papua Guinea Mpya. Makuta yao inaitwa tabu. Ni kombe ndogo kabisa, wanatoboa mgongo na kuzipanga ku ufito wa kekele, na kipimo ni pima, yaani mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili, mwili wako njo mita yako. Kombe zenyewe hazitoki mlangoni kwao, zamani walikuwa wanasafiri kuzifuata mbali ku pwani ya Nakanai, na baadaye zikawa zinatoka hata Solomon. Mtu anakusanya maisha yake yote, mamia ya pima, anazikunja zinakuwa gurudumu kubwa kama pneu ya kamio, zimefungwa majani, zinaitwa loloi. Siku anakufa wanakata lile gurudumu na kuwagawia wote waliokuja ku matanga. Mi hii sehemu inanigusa sana, mtu anaweka akiba si ili ale mwenyewe, ila ili siku ya kumzika hakuna atakayerudi mikono mitupu, na kufa bila kombe za tabu kule ni aibu kubwa kwa jamaa yote.

Na ile ya kwamba kombe zikijaa kila mtu atakuwa tajiri, ilishatokea Mama, na matokeo unayajua. Miaka ya 1930 Waaustralia wa kutafuta dhahabu, akina Michael Leahy na ndugu zake, waliingia ku milima ya ndani kabisa ya Papua Guinea Mpya, mbali na bahari, pale kombe ya lulu ilikuwa kitu cha wakubwa tu. Wakaanza kuzileta kwa ndege, wanalipia chakula na wafanyakazi, kombe zikamwagika na thamani yake ikaanguka. Sisi tulioshika noti ya milioni tano ya Zaïre, ile pesa yetu ya zamani iliyoanguka, hatuna haja ya kufundishwa hii somo.

Papa, mi ni mwanafunzi wa Kamalondo. Hapa kwetu Katanga tulikuwa na kitu kama hicho?

Ndiyo leki, na uko unaishi juu yake. Mababu walikuwa wanayeyusha jiwe la kijani ku tanuru za udongo wa kichuguu, wanamwaga mukuba (shaba) inatoka misalaba, na ile misalaba ilizunguka ku biashara na ku dote. Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimba 1957 wakakuta misalaba midogo ndani ya makaburi, marehemu amewekewa. Njo maana bendera ya Katanga ya 1960 iko na misalaba mitatu, na ile pesa ya chuma ya 1961, franka 1 na franka 5, iko na msalaba upande mmoja. Hata kombe tulikuwa nayo, Msiri, mfalme wa Bunkeya, alikuwa anawapa machifu omande, kombe ya Bahari ya Hindi, alama ya kusema huyu sasa anatawala.

Papa, na mkate wanaweza kununua? (kijana wa Ruashi)

Kwa Watolai ndiyo, soko ndogo ndogo wanapokea tabu, na kuna sehemu hata kodi wamekubali ilipwe hivyo. Lakini si kila kombe ni ya soko. Kule Trobriand, visiwa vya Papua Guinea Mpya, kuna mzunguko unaitwa kula, mikufu myekundu inaenda upande mmoja wa visiwa, bangili nyeupe zinarudi upande wa pili, kila moja iko na jina na historia yake, unaishika muda halafu unaipitisha kwa rafiki wa ng'ambo, kuinunulia samaki haiwezekani, biashara ya samaki inafanywa pembeni. Na siku Papua Guinea Mpya ilitoa pesa yake yenyewe, tarehe 19/4/1975, miezi mitano kabla ya uhuru, waliiita kina, jina la kombe ya lulu, na senti zake toea, jina la bangili ya kombe. Kina 1 ya chuma waliitoboa tundu katikati.